Je, Wajua? Majoka, Dadu na Ushindani wa Wachapishaji

Je, wajua kwamba upo mchezo wa mezani usio na ubao wala mshindi, na bado wachapishaji wake wamekuwa wakitishana kwa mawakili tangu miaka ya 1970? Ni mchezo wa kuigiza wahusika. Watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja ana karatasi ya mhusika wake: ana nguvu kiasi gani, ana akili kiasi gani, anabeba silaha ipi. Mmoja wao ni msimulizi. Atasema, "Mlango umefungwa, na nyuma yake mnasikia kitu kinapumua." Mchezaji anajibu kwamba ataupiga bega. Anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha na nguvu za mhusika wake, na jumla hiyo ndiyo itakayoamua kama umevunjika mlango au limevunjika bega. Kinachouzwa dukani ni kanuni, ramani na visa, vikiwa vimefungwa ndani ya vitabu. Kikundi kimoja kikinunua vitabu vitatu, kinaweza kucheza miaka kumi bila kununua kingine. Hapo ndipo shida ya biashara hii inapoanzia.

Je, wajua kwamba mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Januari 1974 kwa nakala 1,000 tu? Waliouunda ni Gary Gygax wa Lake Geneva, mji mdogo ulioko jimbo la Wisconsin, Marekani, na Dave Arneson wa Minnesota. Gygax alikuwa mfanyakazi wa bima mjini Chicago. Kazi ilipoisha akawa anatengeneza viatu nyumbani. Alianzisha kampuni ya TSR pamoja na Don Kaye, rafiki yake wa tangu utotoni, na mwenzao Brian Blume akaleta dola 2,000 za kuchapishia. Masanduku waliyafunga kwa mikono yao wenyewe: vijitabu vitatu ndani, bei dola 10. Kabla mwaka haujapinduka nakala zote zilikuwa zimekwisha. Don Kaye hakuufaidi ushindi huo, maana alifariki kwa maradhi ya moyo Januari 1975.

Je, wajua kwamba mshindani wa kwanza alikuwa msomaji aliyeshindwa kuzielewa kanuni? Ken St. Andre, mkazi wa Phoenix, Arizona, alivisoma vijitabu vya Gygax, akalipenda wazo lakini maelezo yakamchosha. Akaandika mchezo wake, Tunnels & Trolls, akapiga chapa nakala 100 mwaka 1975. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye dadu. Mchezo wa Gygax ulidai dadu za pande nne, nane, kumi na mbili na ishirini, ambazo wakati huo TSR yenyewe ilizipata kwa kuagiza kwa kampuni ya California iliyouza vifaa vya kufundishia shuleni. St. Andre alitumia dadu ya kawaida ya pande sita, ile ambayo kila nyumba inayo. Kampuni ya Flying Buffalo ikauchukua mchezo wake, na mwaka 1976 ikatoa kisa cha kwanza ambacho mtu angeweza kukicheza peke yake.

Kuhusu hizo dadu: mwaka 1979 ziliadimika mpaka TSR ikawa inauza masanduku ya mchezo wake yakiwa na vipande vya karatasi nene vyenye namba. Mnunuzi alivikata, akavitia kikombeni, akachota kimoja kila alipotakiwa kurusha dadu. Na watu waliendelea kununua.

Je, wajua kwamba hakimiliki haimpi mtu umiliki wa namna ya kucheza mchezo? Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari yote hii. Hakimiliki ya Marekani hulinda maneno yaliyoandikwa, picha zilizochorwa na hadithi zilizotungwa. Mbinu yenyewe, yaani kurusha dadu, kujumlisha, kuhesabu majeraha, ni mali ya kila mtu. Wanasheria huegemea kesi ya Baker dhidi ya Selden, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani katika karne ya 19, na kesi hiyo haikuhusu mchezo wowote; ilihusu kitabu cha utunzaji wa hesabu za biashara. Mahakama ilisema mwandishi anamiliki kitabu chake, lakini hamiliki utaratibu wa kutunza hesabu alioueleza humo. Ni kama bao letu: unaweza kuandika kitabu kizuri cha kufundisha bao ukakilinda kwa sheria, lakini huwezi kumtoza mzee wa Zanzibar anayesambaza kete zake barazani. Basi kampuni iliyotangulia katika biashara hii haikuwa na ukuta wa kuwazuia wengine. Ilichokuwa nacho ni jina, hadithi zake, na pesa za kuwalipa mawakili ambazo wengine hawakuwa nazo.

Je, wajua kwamba TSR yenyewe iliwahi kubanwa kwa jambo hilohilo? Vijitabu vya mwanzo viliwataja hobbit, ent na balrog, viumbe wa J.R.R. Tolkien. Mwaka 1977 wenye haki za biashara za kazi za Tolkien wakalalamika. Hobbit wakageuzwa halfling, ent wakawa treant, balrog akawa balor. Kanuni za mchezo hazikuguswa hata mstari mmoja.

Je, wajua kwamba nakala sita zilitosha kupata haki ya kuuza mchezo huu Ulaya nzima? Mwaka 1975 Ian Livingstone na Steve Jackson, vijana wa London waliokuwa wameanzisha Games Workshop kwenye fleti, waliagiza nakala sita kwa sababu pesa zao ziliishia hapo. Gygax akawapa haki ya peke yao kwa miaka mitatu. Walipofukuzwa kwenye fleti waliishi ndani ya gari lao huku wakiendelea na biashara. Baadaye TSR ilitaka kampuni hizo mbili ziungane, vijana wakakataa, na mwaka 1980 TSR ikafungua tawi lake Uingereza. Games Workshop ikageukia mchezo wake yenyewe, Warhammer, uliotoka mwaka 1983. Leo ni kampuni kubwa inayouzwa kwenye soko la hisa la London, na ilifika huko bila joka hata moja la Gygax.

(Steve Jackson wako wawili, wote wa biashara hii. Wa pili ni Mmarekani, mwenye Steve Jackson Games ya Austin, Texas. Machi 1990 maafisa wa Secret Service walivamia ofisi zake wakachukua kompyuta na mswada wa kitabu cha mchezo kuhusu wadukuzi. Alishtaki, na mwaka 1993 akashinda.)

Je, wajua kwamba Dave Arneson, mmoja wa waundaji wawili, aliishtaki TSR mwaka 1979? TSR ilikuwa imetoa toleo lililoitwa Advanced Dungeons & Dragons, ikadai kwamba huo ni mchezo mwingine kabisa na kwa hiyo mrabaha wa Arneson haupo. Walimalizana nje ya mahakama mwaka 1981. Kwa miaka mingi baada ya hapo duka moja liliuza mistari miwili ya mchezo uleule, mmoja wenye neno Advanced na mwingine usio nalo, na mnunuzi mgeni alisimama mbele ya rafu asijue aanzie wapi.

Je, wajua kwamba mwaka 1982 TSR iliikopesha mshindani wake pesa, kisha ikaudai mkopo na kuimeza kampuni yote? Kampuni hiyo ilikuwa SPI ya New York, wachapishaji wa michezo ya vita. SPI ilikuwa na wasomaji waliolipia jarida lake kwa maisha yao yote. TSR ilikataa kuwatambua. Wabunifu wengi wa SPI waliondoka kwa pamoja na kwenda kwa mshindani mwingine, Avalon Hill, aliyewafungulia kampuni ndogo ya Victory Games. TSR ilibaki na jina na maghala, na wateja wenye hasira.

Miaka hiyohiyo TSR ilinunua biashara ya kazi za sindano na nyuzi, na ikachangia mradi wa kuopoa meli iliyozama ziwani karibu na mji wao.

Je, wajua kwamba Gygax alitolewa kwenye kampuni aliyoianzisha? Oktoba 1985 Lorraine Williams, meneja ambaye Gygax mwenyewe alimleta, alinunua hisa za familia ya Blume na kushika usukani. Mwaka 1992 Gygax akaja na mchezo mpya, Dangerous Dimensions. TSR ikalalamika kwamba herufi za mwanzo, D mbili, zinafanana mno na za mchezo wake. Jina likabadilishwa kuwa Dangerous Journeys, lakini TSR ikashtaki vilevile, na kesi ikaisha mwaka 1994 kwa TSR kuununua mchezo huo na kuufungia kabatini. Mayfair Games, waliokuwa wakitoa visa vinavyooana na mchezo wa TSR, nao walipelekwa mahakamani na mwisho wakauziana haki kwa namna hiyohiyo. Wachezaji wakawa wanasema herufi TSR maana yake ni kampuni ya kushtaki watu kila siku.

Ukiifuatilia historia hii utaona kwamba mpinzani mzito hutoka ndani ya nyumba au mlangoni pake: mwasisi aliyefukuzwa, mfanyakazi aliyeachishwa, mshirika aliyenyimwa leseni. Tazama Ujerumani. Wachapishaji wawili wakubwa, Schmidt Spiele na Droemer Knaur, walitaka kuuchapa mchezo wa TSR kwa Kijerumani. Masharti ya pesa yakawashinda. Wakamgeukia Ulrich Kiesow, mtu aliyekuwa tayari anaufahamu mchezo wa TSR kwa kuutafsiri, wakamwomba awaundie wa kwao. Das Schwarze Auge ulitoka mwaka 1984 na kuupita ule wa Kimarekani kwa mauzo katika nchi hiyo. TSR ilikuwa imewatafutia wapinzani wake mwandishi, mtaji na sababu.

Je, wajua kwamba Japani nako mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo? Mwaka 1986 jarida la Comptiq lilianza kuchapisha mazungumzo ya kikundi kilichokuwa kikicheza Dungeons & Dragons, neno kwa neno, kama tamthilia. Wasomaji walipenda, na humo ikazaliwa hadithi ya Record of Lodoss War. Kikundi hicho, Group SNE, hatimaye kikaacha kanuni za Kimarekani na mwaka 1989 kikatoa Sword World. Waliuchapa kwenye vitabu vidogo vya bei nafuu vinavyoingia mfukoni, na wakatumia dadu za pande sita tu, kama St. Andre. Mwanafunzi aliweza kuununua kwa pesa ya chakula cha mchana. Leo mchezo wa kigeni unaopendwa zaidi huko ni Call of Cthulhu wa kampuni ya Chaosium, mchezo wa kutisha uliotoka mwaka 1981, na Dungeons & Dragons unaufuata kwa mbali.

Je, wajua kwamba mwaka 1991 mchezo wa wanyonya damu uliwaleta mezani wanawake kwa wingi ambao biashara hii haikuwa imeuzoea? Vampire: The Masquerade wa kampuni ya White Wolf haukuwa na mapango wala hazina. Ulihusu siasa za usiku mjini, wivu na hatia. TSR, iliyokuwa imezoea kushindana na watu wanaoiga majoka yake, haikuwa na jibu.

Je, wajua kwamba kampuni iliyokuja kuinunua TSR ilikaribia kufa kwa kesi ya kitabu chake cha kwanza? Wizards of the Coast, kampuni ndogo ya Peter Adkison karibu na Seattle, ilitoa kitabu The Primal Order mwaka 1992. Ndani yake kulikuwa na maelezo ya jinsi ya kukitumia pamoja na michezo ya wachapishaji wengine. Mmoja wao, Palladium Books, akashtaki. Mike Pondsmith, Mmarekani mweusi aliyebuni mchezo wa Cyberpunk na wakati huo akiongoza chama cha watengenezaji michezo, aliingia kati kuwapatanisha. Mwaka uliofuata Wizards ikatoa mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield, na pesa zikaingia kuliko walivyoweza kuzihesabu. Vijana waliokuwa wakihifadhi akiba ya kununua kitabu kimoja kwa mwezi sasa walinunua pakiti za karata kila wiki, dukani palepale.

Je, wajua TSR ilianguka vipi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila mchapishaji, hata wa vitabu vya shule, ana la kujifunza.

TSR iliuza vitabu kupitia Random House, kampuni kubwa ya vitabu. Random House ililipa mzigo ulipofika ghalani, lakini ilikuwa na haki ya kurudisha usiouzwa na kudai pesa zake. Kwa hiyo TSR ikihitaji fedha ilichapa vitabu zaidi na kuvipeleka, iwe kuna wasomaji au hakuna. Mwaka 1996 marejesho yakaja kwa mafungu makubwa, yakiwemo masanduku ya dadu za kukusanya zilizokuwa zimeagizwa kwa matumaini ya kuifikia Magic. Deni likapanda kufikia karibu dola milioni 30. Mpiga chapa, ambaye alikuwa hajalipwa, akagoma. Mwanzoni mwa 1997 kampuni iliyoasisi biashara nzima haikuwa ikitoa kitabu kipya hata kimoja. Wizards of the Coast ikainunua mwaka huohuo.

Na je, wajua ni nani aliyepewa daftari za TSR azipitie ili ieleweke walikosea wapi? Lisa Stevens. Alikuwa mmoja wa waliojenga White Wolf, kisha akawa mwajiriwa wa kwanza wa kudumu wa Wizards. Alichokikuta kwenye hesabu ni kwamba TSR ilikuwa inashindana na TSR. Ilikuwa na dunia za kubuni zaidi ya kumi: Forgotten Realms, Dragonlance, Ravenloft, Dark Sun, Planescape, Birthright na nyingine. Mpenzi wa dunia ya jangwa hakununua vitabu vya dunia ya mizimu. Kila dunia mpya haikuongeza wateja. Iliwagawanya waliokuwepo mafungu madogo zaidi, huku gharama ya kuandika, kuchora na kuchapa kila kitabu ikibaki ileile. Kumbuka jina la Lisa Stevens, tutakutana naye tena.

Mwaka 1999 Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea, iliinunua Wizards kwa takriban dola milioni 325. Ilivutiwa zaidi na karata, Magic na Pokémon. Majoka yalikuja kama nyongeza.

Je, wajua kwamba mwaka 2000 mwenye mchezo mkubwa kuliko yote aliwaruhusu washindani wake wautumie bure? Ryan Dancey wa Wizards aliiga fikra za watu wa programu huria. Akaandaa leseni ya wazi: yeyote anaweza kuchukua kanuni za msingi, akaandika kisa au kitabu chake, akakiuza, bila kulipa mrabaha. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Visa havilipi sana kampuni kubwa, lakini kitabu cha msingi kinalipa. Kila kisa kilichoandikwa na mtu mwingine kingemrudisha mchezaji kwenye kitabu hicho. Nauona kuwa uamuzi wa busara kuliko wote uliowahi kufanywa katika biashara hii.

Matokeo yalionekana siku ileile. Toleo la tatu lilipozinduliwa Agosti 2000, kampuni ndogo za Atlas Games na Green Ronin tayari zilikuwa na visa vyao mezani. White Wolf, yule mpinzani wa miaka ya 1990, ikawahi kutoa kitabu cha mazimwi kwa ajili ya mchezo huo kabla Wizards haijatoa cha kwake. Ndani ya miaka mitatu maduka yalijaa mpaka wenye maduka wakachoka. Wizards ilipotoa toleo la 3.5 mwaka 2003, vitabu vingi vya watu wengine vilikosa soko ghafla, na kampuni kadhaa zikafunga.

Kimojawapo cha vitabu vya wimbi hilo kilikuwa Nyambe: African Adventures, kilichotolewa na Atlas Games mwaka 2002. Kilijengwa juu ya visasili vya Kiafrika, na jina lake linafanana na lile ambalo Walozi wa Zambia humwita Mungu. Mchapishaji mdogo asingethubutu kuwekeza kwenye kitabu kama hicho ikiwa ingembidi kwanza abuni kanuni mpya na kuwafundisha wachezaji. Leseni ilimwondolea mzigo huo.

Je, wajua kwamba mpinzani mkubwa kuliko wote alizaliwa kwa barua ya kusitisha mkataba? Mwaka 2002 Lisa Stevens alianzisha Paizo, iliyochapisha majarida mawili ya Dungeons & Dragons kwa leseni. Mwaka 2007 Wizards ikayachukua majarida yake. Mwaka uliofuata ikatoa toleo la nne la mchezo, lenye kanuni tofauti sana na leseni kali iliyowaogopesha washirika. Paizo haikuwa na jarida wala mchezo. Ilichokuwa nacho ni ile leseni ya mwaka 2000, ambayo bado ilikuwa halali, na wasomaji walioipenda. Mbunifu Jason Bulmahn alichukua kanuni za zamani akazisafisha, Paizo ikaziweka wazi watu wazijaribu na kutoa maoni, na Agosti 2009 ukatoka Pathfinder. Kitabu kilikuwa na kurasa 576, na chapa ya kwanza ilikwisha haraka ajabu. Kufikia 2011 jarida la biashara la ICv2 liliuweka Pathfinder juu ya Dungeons & Dragons kwa mauzo ya madukani. Kampuni iliyokuwa mpangaji ilimpita mwenye nyumba kwa kuuza kile mwenye nyumba alichokuwa amekiacha.

Wizards ilijifunza. Toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, baadaye lilirudi kwenye leseni ya wazi, na mchezo ukapaa. Filamu za mfululizo za Stranger Things na vipindi vya mtandaoni vya Critical Role, ambamo waigizaji hucheza mbele ya watazamaji, viliuleta kwa watu ambao hawajawahi kuingia duka la michezo.

Kisha, Januari 2023, somo likasahaulika. Tarehe 5 mwandishi wa habari alifichua rasimu ya leseni mpya. Mchapishaji ambaye mauzo yake yangepita dola 750,000 kwa mwaka angelipa asilimia 25 ya kila dola iliyozidi hapo. Piga hesabu: aliyeuza vitabu vya dola 1,000,000 angetoa dola 62,500. Si katika faida, katika mauzo, kabla hajamlipa mchoraji, mpiga chapa na msafirishaji. Wengi katika biashara hii hawaioni faida kubwa kiasi hicho hata mwaka ukiwa mzuri. Rasimu pia ilidai kwamba leseni ya zamani haitatumika tena.

Wachezaji walijibu kwa pochi. Walifuta malipo yao ya mwezi kwenye huduma ya mtandaoni ya mchezo huo. Paizo ikatangaza kuandaa leseni mpya iliyo wazi, isiyomilikiwa na kampuni yoyote, na zaidi ya wachapishaji 1,500 wakasema wako pamoja nayo. Akiba ya kitabu cha Pathfinder iliyokusudiwa kutosha miezi minane ikauzwa kwa wiki mbili. Wizards ilipouliza maoni kuhusu rasimu iliyolegezwa, watu zaidi ya 15,000 walijibu, na 88% walisema hawangependa kuchapisha chini yake. Tarehe 27 Januari kampuni ikasalimu amri: ikaacha leseni ya zamani kama ilivyo, na kanuni za msingi ikaziweka chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kubatilishwa.

Je, wajua kwamba hata hivyo ndege walikuwa wameshapeperuka? Kobold Press, waliokuwa wakiandika vitabu vya mchezo huo, waliandaa wao Tales of the Valiant. Paizo iliuandika upya Pathfinder, ikaondoa majoka ya rangi nyekundu, bluu na kijani yaliyotokana na mchezo wa mwenzake, ikaweka ya kwake. Machi 2023 Kelsey Dionne alichangisha zaidi ya dola milioni 1.3 mtandaoni kwa mchezo wake Shadowdark. Desemba kampuni ya MCDM ilichangisha zaidi ya dola milioni 4 kwa mchezo ulioitwa baadaye Draw Steel. Na watu wa Critical Role, walioutangaza Dungeons & Dragons kuliko tangazo lolote la kulipia, walitoa mchezo wao Daggerheart mwaka 2025. Mwezi mmoja baadaye Chris Perkins na Jeremy Crawford, wabunifu wawili waliokuwa uti wa mgongo wa toleo la tano na ambao walikuwa wameshaondoka Wizards, wakajiunga nao.

Je, wajua kwamba wafanyakazi wa Paizo waliunda chama chao mwaka 2021, na chama hicho kilikuwa cha kwanza katika biashara hii?

Na la mwisho. Kanuni zile zilizowekwa wazi mwaka 2023 zinapatikana bure mtandaoni. Wizards imezitoa pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Kiswahili hakimo. Leseni inamruhusu yeyote kuzitafsiri, kuzibadilisha na kuziuza, na inadai jambo moja tu, kwamba ataje zimetoka wapi. Jina Dungeons & Dragons halimo katika ruhusa hiyo, kwa hiyo mchezo utahitaji jina lake wenyewe. Mwandishi wa Tanga au Mombasa mwenye visa vyake vya majini, masultani na majahazi anaweza kuanza leo, bila kumwandikia barua mtu yeyote.